Chai ya Sindano

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kengele ya mwisho ikilia sikuwa nikienda nyumbani. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kunifungulia mlango. Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa, baba alifanya kazi mbali, na Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa karakanani mpaka jua lipunguze makali. Kwa hiyo nilishika njia ya karakana, mkoba mgongoni, nikipiga teke kopo lolote lililonikosea adabu njiani.

Niliinusa karakana kabla ya kuiona. Ilinuka gundi, mbao mpya na vumbi la makochi ya watu. Hata leo nikipita mahali penye harufu ya gundi ile, nasimama kidogo bila kujua kwa nini, halafu najua, na moyo unanijaa.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kufufua makochi yaliyochoka. Watu walimletea kochi limezama katikati, kitambaa kimechanika, mguu mmoja umebaki nyumbani. Yeye alilivua nguo zote, akalifunga springi upya, akalitia sponji mpya na kulivika kitambaa kipya, na mwenyewe alipokuja kulichukua alilizunguka mara mbili akidhani amepewa la jirani. Mlangoni petu palikuwa na kochi moja bovu kabisa ambalo halikutengenezwa kamwe, kwa sababu ndilo tulilokalia sisi. Wateja walipolicheka, Mzee Kamba aliwajibu kwamba mganga hajigangi.

Mzee Kamba ndiye aliyekuwa akifunga springi kwa kamba, na jina lake lilitoka huko. Alikuwa amefanya kazi na Shangazi tangu wote wawili wakiwa wanagenzi, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Mimi alinipa jina la Uzi. Alidai kwamba nikigeuka upande sionekani, na kwamba siku moja Shangazi atanitunga kwenye sindano kwa bahati mbaya.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Nikishavua sare na kula nilichowekewa, nilichukua sumaku kubwa iliyofungwa kwenye fimbo, nikaipitisha sakafuni kuokota misumari midogo iliyoanguka. Pia nilitunza mkebe wa vitu vilivyotoka tumboni mwa makochi. Humo mlikuwa na machanuo, vifungo, penseli, vijiko, kiatu kimoja cha mtoto mchanga, na wakati fulani meno ya bandia ya mzee mmoja aliyekuwa amemnunia mkwe wake mwaka mzima akidhani ndiye aliyeyatupa. Mzee yule alipokuja kuyachukua aliyatia mfukoni upesi. Mzee Kamba alimwambia kwamba sasa ana meno ya kuombea msamaha.

Shangazi alipopigilia kitambaa, alijaza misumari mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, akiipokea kwa nyundo yenye sumaku. Aliongea nami hivyohivyo kwa pembe ya mdomo. Mtu mwingine asingeelewa neno, lakini mimi nilielewa yote, hata kama amekasirika au anatania. Nilijivunia hilo kuliko alama zangu za hesabu, ambazo kwa kweli hazikuwa za kujivunia.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyojulikana mtaa mzima. Tuliiita chai ya sindano. Yeyote aliyechomwa na sindano au msumari mpaka damu ikaonekana, ilimbidi awashe jiko, awapikie wote chai, kisha amkabidhi kila mtu kikombe kwa mikono miwili huku akisema: "Karibuni chai, mimi ni mwanafunzi." Hapo kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumcheka. Mzee Kamba ndiye aliyepika mara nyingi, na chai yake ilikuwa tamu kwa sababu ya mazoezi.

Shangazi hakuwahi kupika. Hakuna aliyekumbuka siku ambayo damu yake ilionekana. Wateja walisema mikono ya mama yule ina macho, naye alisikia na kujifanya hakusikia, lakini mimi nilimwona akinyoosha mgongo. Sisi wengine tulichomwa kama kawaida ya kazi, na tulijifunza kuficha. Ulinyonya kidole haraka, ukakitia mfukoni, ukaendelea kupiga mluzi. Hakuna aliyetuambia tuoshe kwanza.

Siku moja mkokoteni ulileta kochi la mwalimu mkuu aliyestaafu. Lilikuwa kubwa, zito, na la zamani kunizidi mimi kwa mbali. Mwalimu alitaka liwe tayari kabla wageni wa binti yake hawajafika. Shangazi alilitazama kwa furaha, kwa sababu alipenda kazi ngumu. Kama ilivyokuwa desturi yake, kabla ya kuchana kitambaa aliingiza mkono mtupu kati ya kiti na egemeo, akafumba macho, akazipapasa springi moja baada ya nyingine. Alizoea kusema kwamba hata daktari hupima kabla ya kutibu.

Ghafla mkono ukasimama. Aliutoa polepole. Pale kiganja kinapokutana na kidole gumba palikuwa na tundu dogo, na damu nyeusi iliyochanganyika na kutu.

Mzee Kamba alikuwa ametupa mgongo, akibishana na mtangazaji wa mpira redioni kana kwamba mtangazaji anamsikia. Shangazi alinitazama. Aliweka kidole cha mkono mwingine kwenye midomo yake iliyojaa misumari, akanikonyeza. Nusura nicheke kwa sauti. Nami nikaweka kidole mdomoni. Alijifuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu, kile cha kufutia gundi, akavaa kipande cha ngozi alichokitumia kukinga kiganja anaposukuma sindano nene, na kazi ikaendelea.

Siku ile nilitembea kwa maringo mpaka nyumbani. Nilikuwa na siri na Shangazi, siri ambayo Mzee Kamba angetoa hata redio yake kuipata.

Siku zilizofuata ile ngozi haikutoka mkononi. Shangazi aliivaa karakanani, akaivaa nyumbani, akalala nayo. Nilipomuuliza, alisema kidonda kinapona, na kidonda kinachopona huwasha. Kisha akaanza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto. Mzee Kamba alipoona hivyo alimsifu sana. Alituambia kwamba fundi wa kweli hazeeki, huyu sasa anaufundisha na mkono wa pili. Shangazi alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko kawaida.

Jumamosi moja, wakati hatukuwa na shule, tulifika karakanani pamoja asubuhi. Lilikuwa joto la kupasua kichwa, na mabati yalikuwa yakilia juu yetu. Shangazi akaniomba sweta. Nilidhani anatania. Nilipomtazama nikaona meno yake yanagongana. Mzee Kamba alisema ni mafua tu, yamezagaa mjini, akamshauri alale kidogo kwenye lile kochi bovu. Shangazi hakubishana, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi, maana Shangazi alibishana hata na mvua.

Nilikaa sakafuni karibu naye. Alikuwa amelala, lakini alihema kama mtu anayepanda mlima. Nilimletea maji, akayasukuma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wa baridi, na ngozi yake ilikuwa na mabaka ambayo sikuwahi kuyaona. Nilimwita. Alifungua macho, akanitazama kwa upendo mwingi, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wifi, mtoto amelala?"

Wifi ndivyo alivyomwita mama yangu. Mtoto aliyemuulizia nilikuwa mimi.

Mzee Kamba alizima redio. Sikumbuki siku nyingine aliyoizima mpira ukiendelea. Alichukua simu na kuita gari la wagonjwa, lakini maneno yakamkwama, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Nikaichukua simu mimi. Nilieleza kwamba mgonjwa anahema haraka, ana baridi juani na amenisahau mimi ni nani. Kisha nikaelekeza njia: wapite kinu cha kusaga, wakate kushoto, watafute mlango wenye kochi bovu.

Walifika wawili. Dereva alikuwa mrefu hata akainama kuingia. Mwenzake alikuwa mama mwenye nywele fupi na begi kubwa, na ndiye aliyekuwa mhudumu wa wagonjwa. Alipotaka kupiga magoti karibu na kochi, nilimwomba asubiri, nikapitisha sumaku yangu mahali pale. Misumari ikalia ikinasa. Alinishukuru kwa kichwa, akapiga magoti.

Alifanya kazi bila pupa lakini bila kupoteza muda. Alimfunga Shangazi kipimo cha presha, akambana kidole kwa kidude chenye taa nyekundu, akampima joto, akahesabu pumzi zake huku akitazama saa. Alimuuliza leo ni siku gani. Shangazi akajibu kwamba ni siku ya kupeleka kochi. Mhudumu aliuliza kama amekwenda haja ndogo. Mzee Kamba hakujua. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa naye tangu alfajiri, nikasema hajaenda hata mara moja.

"Presha imeshuka, moyo unakimbia, na akili imeanza kutangatanga," mhudumu alimwambia dereva. Kisha akatugeukia. "Naona kuna vijidudu vimeingia mwilini na vimefika mbali. Nataka kujua vimepitia mlango gani. Amekohoa? Ameumwa tumbo? Ana kidonda popote?"

"Kidonda?" Mzee Kamba alisema. "Huyu? Dada yangu, muulize yeyote mtaani. Huyu hajachomwa hata na kibanzi tangu nimfahamu."

Alisema kwa fahari, maskini, na alisema alichokiamini. Shangazi alisikia. Alitabasamu kidogo akiwa amefumba macho, akanong'ona kwamba yeye hapiki chai. Mhudumu na dereva walitazamana bila kuelewa.

Kisha Shangazi akafumbua macho, na macho yake yakanitafuta mpaka yakanipata. Safari hii alinijua. Aliuinua kwa shida ule mkono wenye ngozi, akaweka kidole mdomoni, kama siku ile ya kochi la mwalimu.

Siku ile nilitaka kucheka. Sasa nilitaka kulia. Nilikuwa nimemuahidi, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtu asiyeweza kutunza neno hawezi kutunza chochote. Nilijua pia atakavyoaibika mbele ya Mzee Kamba. Lakini alikuwa ameniita wifi. Mama yangu alikwishaondoka, na kama Shangazi naye angemfuata, mimi ningebaki na mkebe wa vifungo vya watu.

"Nisamehe, Shangazi," nilisema. Nikamtazama mhudumu. "Alichomwa. Ni springi yenye kutu, ndani ya kochi lile pale. Kidonda kiko chini ya ngozi hiyo."

Mhudumu hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Alitoa mkasi akaikata ile ngozi. Harufu iliyotoka sikuipenda, na mkono sikuutambua. Ulikuwa umevimba, umewiva, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye kifundo kuelekea kwenye kiwiko. Mzee Kamba alikaa chini sakafuni palepale, juu ya misumari ambayo sikuwa nimeiokota, wala hakujali.

"Umenionyesha mlango," mhudumu aliniambia. "Ahsante, mwanangu."

Baada ya hapo mikono yao ilikwenda kasi. Walimvika Shangazi kifuniko cha oksijeni. Mhudumu alipata mshipa kwenye mkono mzima, akatoa damu kidogo kwenye vichupa vya kupelekwa maabara, kisha akafungua dripu. Dereva aliishika juu, na kwa urefu wake hakuhitaji msumari wa kuitundika. Huku akifanya kazi, mhudumu alitueleza kwa maneno mepesi. Alisema vijidudu vya kidonda vikiingia kwenye damu, mwili hupigana navyo, na mara nyingine hupigana kwa fujo mpaka ukaanza kujiumiza wenyewe, moyo, figo na hata akili. Hali hiyo madaktari huiita sepsisi, na haingoji mtu amalize kazi zake.

Aliongea na daktari wa hospitali kwenye redio ya gari. Nilisikia akisema anashuku sepsisi, na kwamba chanzo ni kidonda cha mkono. Hospitali ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa ikichimbwa kila upande. Daktari akamruhusu aanze kumpa antibayotiki ya mshipani palepale, asingoje kufika.

"Kuna dawa inayomdhuru?" mhudumu alituuliza, kichupa kikiwa tayari mkononi.

Hapo Mzee Kamba alisimama. Alisema zamani, wakiwa wanagenzi, Shangazi alipigwa sindano ya penisilini, uso ukavimba mpaka macho yakapotea. Mhudumu alikirudisha kile kichupa kwenye boksi, akawasiliana tena na daktari, akachukua dawa nyingine. Mzee Kamba alipangusa machozi kwa kofia yake. Alikuwa amekosea kwa kidonda, lakini hapo alikuwa amepatia, na nadhani alilihitaji sana hilo.

Niliruhusiwa kupanda gari. Mhudumu alinifunga mkanda kwenye benchi karibu na kichwa cha Shangazi, akaniambia niendelee kumwongelesha asilale moja kwa moja. Sikujua la kusema, basi nikaanza kumhesabia vitu vya mkebe. Nikamkumbusha machanuo, na kiatu cha mtoto, na mzee wa meno. Gari liliruka kwenye mashimo, mhudumu akishika dripu na kutazama presha kila mara. Mwisho vitu vya mkebe vikaniishia. Nikatazama nilipokaa. Kitambaa cha benchi kilikuwa kimechanika, sponji imeliwa, na mtu alikuwa ameiziba kwa plasta ya vidonda.

"Shangazi," nilimwambia, "benchi lao limekufa. Sponji yote imetoka."

Kope zake zikatikisika. Chini ya kifuniko cha oksijeni nilimsikia akisema neno moja.

"Pima."

Mhudumu alicheka, akageuza uso upesi. Mimi nilipima. Sikuwa na futi, nikapima kwa shubiri, nikimtajia kwa sauti, urefu na upana, na alipoonekana kusinzia nilikosea makusudi ili anikemee. Alinikemea kwa nyusi.

Tulipofika, kitanda na watu wawili waliovaa makoti meupe walikuwa wakitungoja mlangoni, kwa sababu walikwishaambiwa nani anakuja na anaumwa nini. Hakuna aliyeanza kuuliza upya. Walimpeleka moja kwa moja, na baadaye wakampasua mkono kutoa usaha. Jioni daktari alitoka kuzungumza na mimi na Mzee Kamba, aliyekuwa amefika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alisema safari bado ni ndefu, lakini presha imeanza kupanda. Alisema pia kwamba hakuna mtu anayeweza kuapa, ila kama dawa na dripu vingengojea mpaka hapa, huenda angekuwa anatuambia maneno mengine.

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee Kamba alinipa kofia yake nifutie machozi. Ilinuka gundi.

Niliporuhusiwa kumwona Shangazi, sikumkaribia. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikatazama bandeji kubwa iliyofunika mkono wake.

"Ulivunja ahadi," alisema.

Niliinamisha kichwa.

"Sogea huku." Alinivuta kwa mkono wa kushoto, nikaegemeza kichwa begani mwake. "Mimi ndiye niliyekupa mzigo usio saizi yako. Nisamehe wewe, binti yangu."

Alikaa hospitalini muda mrefu kuliko alivyopenda, akiwakera wauguzi kwa kuwaonyesha viti vyote vilivyolegea. Alirudi amekonda. Kidole gumba hakikukunjika vizuri tena. Wengi walikuja kumpa pole, lakini kitu cha kwanza alichouliza alipoingia karakanani ni jiko liko wapi. Hakuwa akitania. Kweli hakujua.

Siku ile mhudumu na dereva nao walikuwepo. Wakubwa wao walikuwa wamekubali benchi la gari liletwe kwetu, na walikuja wenyewe kulishusha. Shangazi alikataa msaada wa mtu yeyote. Aliwasha jiko kwa mkono mmoja, akakohoa moshi, akamwaga majani ya chai nusu pakiti, akasahau sukari. Alipomaliza alimpa kila mmoja wetu kikombe kwa mikono miwili, ule mzima na ule wa bandeji, akianzia kwa Mzee Kamba.

"Karibuni chai," alisema. "Mimi ni mwanafunzi."

Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumcheka, lakini hakuna aliyecheka. Mzee Kamba alionja. Alitazama mabati kwa muda. Akameza kwa taabu.

"Fundi," alisema, "sasa nimejua kwa nini ulikuwa hukubali kuchomwa."

Hapo ndipo tulipocheka, Shangazi kuliko wote, mpaka akakaa kwenye kochi bovu kujishika mbavu. Alipotulia alituambia tuweke vikombe chini tumsikilize.

"Sheria ya chai niliiweka mimi," alisema, "na leo naigeuza mimi. Tuliona kuchomwa ni aibu, basi kila mtu akaficha, na mimi nikawa mfichaji mkuu. Mzee wa watu akaniapia mbele ya mhudumu kwamba sina kidonda, kumbe anashuhudia uongo wangu. Kuanzia leo anayechomwa anakaa. Ananawa kwa maji safi na sabuni, anaonyesha kidonda, na kikiwa cha kutu au kirefu anakwenda zahanati siku hiyohiyo. Chai tutampikia sisi."

"Na akianza kuwa na homa, au kuhema haraka, au kuchanganyikiwa," mhudumu aliongeza, "msimlaze kwenye kochi. Tuiteni. Mkituita mapema na kutuambia kweli, sisi tunaanza kumtibu njiani."

"Mficha maradhi," Mzee Kamba alianza.

"Kifo humuumbua," Shangazi alimalizia. "Mimi kilinikosa chupuchupu."

Kisha akanigeukia mimi. Alisema mbele ya wote kwamba zipo siri za kutunza, kama zawadi ambayo mtu hajapewa bado, au jambo ambalo rafiki amekuambia na halimdhuru mtu. Lakini siri inayomuumiza mtu si ya kutunza, hata kama aliyekuomba ni mkubwa, hata kama unampenda kuliko wote. Ipeleke upesi kwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Kufanya hivyo si kuvunja ahadi. Ni kumtunza yule uliyemuahidi.

Benchi la gari lilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya kupona. Lilimchukua muda kwa sababu ya kile kidole, na Mzee Kamba alimshikia kitambaa bila kusema utani wowote, jambo lililomgharimu sana. Vipimo vyangu vya shubiri havikufaa kitu. Shangazi alivihifadhi hata hivyo.

Siku hizi karakana ile haipo. Mahali pake wanauza simu, na hakuna anayesimama mlangoni kunusa. Mzee Kamba alitangulia zamani. Mkebe ninao mimi, na kile kiatu cha mtoto bado kimo ndani, mwenyewe hakuja kukichukua. Shangazi amezeeka, na yuko hai, na bado anabishana na mvua.

Kila nikienda kumtembelea hunikalisha, hukataa nimsaidie, huenda jikoni na kidole chake kisichokunjika. Namsikia akigonganisha sufuria. Baadaye hunijia na kikombe, amekishika kwa mikono miwili. Chai yake ni mbaya hadi leo. Mimi huinywa yote.